Sihiri na Mizani ya Soko

Wengi wa watunzi wa michezo ya kubuni, wale wanaojenga falme za majoka na minara ya wachawi ili watu wakae mezani au mbele ya kompyuta na kuishi humo kwa saa kadhaa, huanza kazi yao kwa kuchora ramani; na ramani ikishakamilika, kwa milima yake na bandari zake, huwatia humo wakulima wanaolima kwa maksai, wahunzi wanaofua chuma kwa mivukuto, na misafara ya nyumbu inayopanda na kushuka majabali kwa miezi mitatu ili kufikisha chumvi katika mji fulani. Kisha, juu ya hayo yote, humweka mchawi awezaye kutoa mkate hewani, kuwasha taa isiyozimika, kumfufua maiti, na kumtoa mtu mashariki akamtua magharibi kabla kope hazijagusana. Mambo hayo mawili hukaa katika ramani moja kama wapangaji wasiosalimiana: nyumbu anaendelea kupanda jabali, na mchawi anaendelea kuruka juu yake, wala hapana aulizaye kwa nini chumvi ingali ghali.

Muradi wa sura hii ni kuliuliza swali hilo kwa bidii yote linayostahili. Naamini, na nitajaribu kuthibitisha, kwamba uhaba hauondoki duniani kwa kuja kwa sihiri, bali hutoka mahali ulipokuwa ukakaa mahali pengine, aghalabu mahali ambapo mtunzi hakupatazamia; na yeyote anayetaka kuifahamu dunia ya namna hiyo hana budi kuufuata uhaba huo nyumba kwa nyumba mpaka ajue umelala wapi, na ni nani mwenye ufunguo wa chumba hicho.

Mchezo uliofungua mlango wa aina hii, Dungeons & Dragons, ulichapishwa mwaka 1974 na kampuni ya TSR ya Lake Geneva, mji mdogo katika jimbo la Wisconsin, Marekani, na watungaji wake walikuwa Gary Gygax na Dave Arneson. Gygax hakuwa mtu wa kupuuza habari za mali. Aliona wazi kwamba mashujaa wanaoingia mapangoni na kutoka na magunia ya dhahabu, ambao katika kanuni za zamani kila sarafu ya dhahabu waliyoitoa salama iliwaongezea alama moja ya ujuzi, hawawezi kuishi katika dunia yenye bei za kijiji cha kawaida. Na katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 1978 aliwataka wasomaji walinganishe hali hiyo na miji ya Alaska wakati wa mbio za dhahabu, ambako yai moja liliuzwa kwa dola nzima. Jawabu hilo lilikuwa la mtu mwenye akili, lakini lilieleza athari ya dhahabu tu, ilhali sihiri yenyewe, ambayo ndiyo mgeni mkubwa zaidi katika soko lile, ilibaki bila ya kuhesabiwa. Basi na tuihesabu sisi, na kwa hesabu zetu tushike kanuni za toleo la tano, lililotoka mwaka 2014, kwa kuwa zimeandikwa kwa tarakimu zilizo bayana.

Tuanze na chakula, kwa sababu tumbo ndilo mlango wa kwanza wa uchumi wowote. Msomaji wa kanuni hizo akiulizwa ni sihiri gani itakayopindua maisha ya wakulima, mara moja ataitaja ile ya kuumba chakula na maji, ambayo kwa tendo moja hutoa ratili 45 za chakula na galoni 30 za maji, riziki ya watu 15 kwa siku moja. Ni ajabu ya kutazamwa, kwa hakika. Lakini kuhani aliyefika daraja ya tano, ambayo ndiyo ya kwanza kuiweza, aifanya mara mbili tu kwa siku, nao ni watu 30. Mji wa watu 3,000 ungehitaji makuhani 100 wa daraja hiyo, wasioumwa na wasio na kazi nyingine, na mtu aliye na makuhani 100 wa daraja ya tano ana mambo makubwa zaidi ya kuwatuma. Isitoshe, chakula hicho hakina ladha, na kisipoliwa huoza baada ya saa 24, kwa hiyo hakiwekwi ghalani, hakisafirishwi wala hakiuzwi mnadani. Faida yake ni kwa mji uliozingirwa na adui, kwa msafara wa jangwani, na kwa jahazi lililopotezwa na dhoruba. Huko ni neema kubwa, lakini hakimwondoi mkulima shambani.

Anayemwondoa ni mwingine, naye hatazamwi na mtu. Miongoni mwa madruidi, makuhani wa misitu, iko sihiri ya kustawisha mimea ambayo wachezaji huijua zaidi kwa kuwatega maadui ndani ya vichaka. Lakini kanuni yake ina fungu la pili, fupi, lisemalo kwamba druidi akiifanya taratibu kwa muda wa saa nane, ardhi yote iliyo ndani ya nusu maili kutoka pale aliposimama itatoa mavuno maradufu kwa mwaka mzima. Haidai almasi wala kito chochote. Duara ya nusu maili kila upande ina ekari 500 na kidogo. Na ijapokuwa duara hazipangiki bila ya kuacha pembe zisizoguswa, na ijapokuwa druidi naye lazima atembee, alale na apumzike, tukimpa siku 200 tu za kazi katika mwaka tutakuta kwamba mtu mmoja, peke yake, ameongeza mara mbili mavuno ya ekari 100,000.

Nawaomba wasomaji wakae kidogo na hesabu hiyo, maana katika sura nzima sina hesabu nyingine ninayoithamini kuliko hii. Mavuno yakiongezeka maradufu katika wilaya nzima, bei ya nafaka huanguka, na anguko hilo haliwagusi wote sawasawa. Mkulima anayelipa kodi ya ardhi kwa sarafu, kwa kima kilichoandikwa zamani, atalazimika kuuza magunia mengi zaidi ili apate sarafu zile zile, na baraka ya druidi itampita mkononi kama maji. Ilhali bwana anayechukua nusu ya mavuno kwa hisa ataona ghala lake linajaa mara mbili bila ya yeye kuinua jembe. Watu waliokuwa wakihitajika shambani hawatahitajika wote, nao watakwenda mijini, na miji itakua kwa mafuriko ya vibarua. Na mahali palipokuwa na uhaba wa nafaka patatokea uhaba wa maghala, wa magunia, wa mikokoteni, wa paka wa kuwinda panya, wa barabara zisizogeuka matope wakati wa masika. Zaidi ya yote, patatokea uhaba wa druidi mwenyewe. Siku zake ni 200 na mashamba ni mengi kuliko siku: ni nani atakayekuwa wa kwanza katika orodha yake, na ni nani atakayebaki nje ya duara kwa umbali wa hatua kumi, akitazama mtama wa jirani unaomfika mtu kifuani na wake unaomfika magotini, hali wote wawili wanauza katika soko moja kwa bei moja iliyokwisha kuanguka? Huyo wa nje ya duara atafilisika kwa sababu ya wema aliofanyiwa mwingine. Hapo ndipo mtunzi wa mchezo atakapopata visa vyake, vya hongo, vya kesi za mipaka, vya madruidi waliotekwa na mabwana wa ardhi, visa vyenye uhai kuliko joka lolote lililolala juu ya lulu.

Habari ya taa ni fupi zaidi. Sihiri ya mwali wa daima hutaka vumbi la yakuti nyekundu lenye thamani ya sarafu 50 za dhahabu, nayo huwasha taa isiyozimika wala kuunguza. Mwenge wa kawaida huwaka saa moja kwa sarafu moja ya shaba, na sarafu ya dhahabu ni sawa na 100 za shaba, kwa hiyo taa moja ya sihiri ni sawa na mienge 5,000. Mwenye kuiwasha usiku kucha, saa 12, atarudisha mali yake kwa muda usiozidi sana mwaka, na baada ya hapo yeye, wanawe na wajukuu zake wataangaziwa bure. Lakini kibarua katika dunia hiyo hulipwa sarafu mbili za fedha kwa siku, na ili aipate taa hiyo angepaswa kutoa ujira wa siku 250 kwa mkupuo mmoja, kabla hata ya kumlipa mchawi haki yake. Ataendelea basi kununua mwenge wa leo kwa shaba ya leo, akilipa katika umri wake mara nyingi zaidi ya anacholipa tajiri, si kwa kukosa hesabu bali kwa kukosa mtaji. Sihiri ya namna hiyo haiwezi kufika kwa maskini pasipo kuja kwanza mkopo, au chama cha kuweka akiba, au baraza la mji lenye kutundika taa njiani kwa mali ya wote. Na dunia ya mchezo isiyo na hata kimojawapo itakuwa na mitaa miwili, mmoja mweupe usiku kucha na mmoja wenye giza, hali sihiri ni ile ile.

Sasa tufike kwenye almasi, ambako jambo linageuka na kuwa la ajabu kweli. Sihiri ya kumfufua mtu aliyekufa siku zisizozidi 10 hudai almasi, na kanuni haisemi almasi hiyo iwe na uzito gani wala ukubwa gani. Inasema tu kwamba thamani yake isipungue sarafu 500 za dhahabu, na kwamba sihiri ikitimia jiwe hilo hutoweka. Kwa aliyekata roho kabla dakika moja haijapita, yatosha almasi ya sarafu 300. Na kwa ile sihiri kuu, inayomrudisha hata aliyekufa miaka 200 nyuma, hudaiwa almasi za sarafu 25,000.

Kila ufufuo, kwa hiyo, huiteketeza almasi, na wanaotaka kufufuliwa au kuwafufua wapenzi wao hawana ukomo, kwa kuwa hapana bidhaa inayotamaniwa kuliko uhai. Mtu atadhani kwamba machimbo yatakauka, bei itapanda, na mwisho wafalme tu ndio watakaofufuka. Lakini angalia: almasi ikipanda bei mara mbili, kijiwe kilichokuwa na thamani ya sarafu 250 jana kina thamani ya 500 leo, na leo kitafaa kazi ambayo jana hakikuifaa. Kadiri almasi zinavyoadimika ndivyo sihiri inavyozidi kuridhika na vijiwe vidogo. Na kinyume chake, yakigunduliwa machimbo mapya yenye almasi kama mchanga, na bei ikashuka hadi sehemu moja ya kumi, kuhani atadai mawe yenye thamani ile ile, yaani mengi mara kumi, na mjane aliyedhani ameneemeka atarudi nyumbani vile vile. Wingi na uchache wa almasi, basi, haumsaidii wala haumdhuru maiti. Bei ya uhai imefungwa kwenye dhahabu, na imefungwa kwa idadi, si kwa uzito wa jasho.

Yafuatayo hayamo katika kitabu chochote cha kanuni, lakini ni matokeo yake ya lazima. Kibarua wetu wa sarafu mbili za fedha kwa siku, akiweka akiba ujira wake wote pasipo kula, atahitaji siku 2,500, karibu miaka saba, ili apate sarafu 500 za dhahabu za kumrudisha mtoto wake. Ikiwa mashujaa watazidi kutoa dhahabu mapangoni na kuimwaga sokoni, bei zitapanda, na ujira, ingawa kwa kuchelewa, utapanda nao. Na ujira ukifika sarafu nne, miaka saba itakuwa mitatu na nusu, kwa sababu ile 500 haipandi. Kushuka kwa thamani ya dhahabu, jambo ambalo katika dunia yetu humla maskini kwanza, huko litafungua mlango wa ufufuo kwa watu ambao hawakupata kuuota. Na wafalme ambao wamezoea kufufuka peke yao, wakaona katika hilo dalili ya utukufu wao, watakuwa na kila sababu ya kuipunguza dhahabu mikononi mwa watu, kuyaziba mapango, na kuwatoza mashujaa ushuru mzito mlangoni. Siasa nzima ya dola yaweza kusimama juu ya sentensi moja ya kanuni. Najua kwamba wasimamizi wengi wa mchezo, wakionyeshwa ajabu hiyo, hukata shauri kwamba thamani ya almasi ni ile ya kawaida, isiyobadilika na soko. Nami nawasihi wasifanye hivyo, maana wanalifunga dirisha ambalo dunia yao ilikuwa ikipata pumzi kwalo.

Yote hayo ni hesabu za mezani, na mtu ana haki ya kudai ushahidi wa watu wenye damu wanaonunua na kuuza. Ushahidi huo upo, kwa kuwa tangu miaka ya mwisho ya karne iliyopita maelfu kwa maelfu ya watu wamekuwa wakikutana kwa intaneti katika dunia za sihiri zenye masoko ya kweli. Mchezo wa EverQuest ulifunguliwa mwezi wa Machi 1999, na miaka miwili tu baadaye mwanauchumi Edward Castronova, aliyekuwa akifundisha California, aliandika makala juu ya nchi yake ya kubuni, Norrath, akipima mapato ya wakazi wake kwa bei ambazo mali zao ziliuziwa kwa dola halisi. Alikuta pato la mtu kwa mwaka ni dola 2,266, baina ya Urusi na Bulgaria, na kwamba saa moja ya kazi huko ilizaa dola 3.42. Watu walistaajabu kwa tarakimu hizo. Mimi hustaajabishwa zaidi na namna watu wa Norrath walivyopata riziki.

Katika nchi hiyo kila aina ya mchawi alishika sihiri ambazo wengine hawakuweza kuzipata kwa juhudi yoyote. Madruidi na wachawi wa minara pekee ndio waliojua kusafirisha watu kwa kufumba na kufumbua, hao kwenye duara za mawe, hawa kwenye minara iliyochongoka. Na kwa kuwa Norrath ilikuwa pana, na njia zake zimejaa hatari, na merikebu zake za kungojewa sana, walitoza nauli. Mashamani, waganga wa mizimu, waliuza sihiri ya kukimbia upesi. Makuhani waliwafufua waliokufa na kuwarudishia sehemu kubwa ya ujuzi uliopotea kwa kufa, na wachawi wa maiti waliziita maiti zenyewe kutoka mashimo yasiyofikika, pamoja na mali iliyolala nazo. Katika handaki moja la njia ya East Commonlands watu walijipanga usiku na mchana kunadi panga na deraya, na katikati yao wakapita hao wauza sihiri wakitangaza huduma zao, wengine kwa bei iliyotajwa, wengine kwa bakshishi tu. Na adabu ya bakshishi hiyo, nani atoe kiasi gani na nani asamehewe kwa ugeni wake, haikuamriwa na waliotengeneza mchezo. Ilizaliwa na watu wenyewe, kama adabu za bandarini zinavyozaliwa.

Mwishoni mwa mwaka 2001 mchezo uliongezewa soko rasmi, ambamo muuzaji aliweza kuiacha bidhaa yake na bei yake pasipo kupiga kelele, na handaki likaanza kupoa. Kisha, mwezi wa Oktoba 2002, likaja ongezeko jingine lenye mji wa katikati ulioitwa Plane of Knowledge, na katika kila upande wa Norrath vikawekwa vitabu vya sihiri: mtu akikigusa kitabu alifika katika mji huo, na kutoka hapo, kwa vitabu vingine, akaenda atakako. Bila ya nauli. Tijara ya madruidi na wachawi wa minara ilianguka takriban kwa siku moja. Hawakupoteza sihiri yao, kwani waliijua kama walivyoijua jana. Walichopoteza ni ule uhaba uliowalisha. Merikebu zikabaki na abiria wachache, njia zilizokuwa zikikanyagwa zikawa kimya, na vijiji vilivyokuwa vituo vya lazima vikapitwa. Wageni wapya walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Lakini wazee wa mchezo hata leo huikumbuka siku ile kwa huzuni, nami sioni kwamba huzuni yao ni ya kipuuzi, kwa kuwa nauli ile ilikuwa pia sababu ya mgeni na mwenyeji kuzungumza.

Mfano wa pili ni wa Uingereza, nao ni safi hata ungefaa kufundishiwa madarasani. RuneScape, mchezo ulioanzishwa Januari 2001 na ndugu wa ukoo wa Gower na baadaye kusimamiwa na kampuni ya Jagex ya Cambridge, una sihiri ya kugeuza karibu bidhaa yoyote kuwa sarafu. Mwenye kufika daraja ya 55 ya sihiri hutumia vijiwe vitano vya moto, au fimbo ya moto badala yake, na kijiwe kimoja cha maumbile. Bidhaa hutoweka, na mkononi mwake hutokea asilimia 60 ya thamani iliyoandikwa na watunzi katika daftari la mchezo. Upinde mrefu wa mti uitwao yew, kwa mfano, hutoa sarafu 768. Matokeo yake ni kwamba bei ya upinde huo haiwezi kushuka kwa muda mrefu chini ya 768 ukitoa bei ya kijiwe, kwa maana ikishuka tu watatokea watu wa kuinunua mipinde na kuigeuza fedha. Wakata miti hukata, wavunaji wa kitani hukusanya kitani, mafundi huchonga na kutia uzi, na mipinde isiyohesabika huzaliwa ambayo haitapata kurusha mshale hata mmoja, kwa kuwa imekuwa madini ya nyumba ya kupigia sarafu.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna sababu ya kulielewa jambo hilo upesi, maana rupia ya Bara Hindi, ambayo babu zetu waliihesabu Unguja na Mombasa, ilikuwa na mlango kama huo. Hadi mwaka 1893 mtu aliyekuwa na fedha mbichi aliweza kuipeleka katika nyumba za kupigia sarafu za India na kurudishiwa rupia kwa ada ndogo. Na fedha iliposhuka bei ulimwenguni, rupia ikashuka pamoja nayo, mpaka serikali ikaufunga mlango huo. Katika RuneScape mlango haukufungwa, na ufunguo anao kila mtu mwenye daraja ya 55. Upinde hutoweka, sarafu hubaki. Na sarafu zikizidi kubaki bei hupanda, lakini hazipandi popote zipendapo. Bei ya upinde imeshikwa na sihiri na kazi za mikono. Zinazopaa ni bei za vitu ambavyo si sihiri wala jasho linaloweza kuvizidisha, kama zile kofia za karatasi za rangi zilizogawiwa wakati wa Krismasi ya mwaka 2001 na zisitolewe tena, kofia zisizomkinga mtu na pigo lolote, ambazo bei yake ilifika kuipita idadi kubwa kuliko zote ambayo mkoba wa mchezaji uliweza kuhesabu, yaani sarafu 2,147,483,647.

Kuzidi huko kwa fedha kulipata kutokea hata nje ya michezo, na pwani yetu ilihusika. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walizinunua kauri za Unguja na fukwe zake, zilizokuwa rahisi, wakazipeleka kwa shehena Afrika Magharibi, ambako kauri ilikuwa fedha ya sokoni. Waliopeleka kwanza walitajirika, kauri zikazidi, na kabla karne haijakwisha mwanamke aliyeweka akiba ya umri wake katika vikapu vya kauri alikuwa na vikapu tu. Watunzi wa RuneScape ya mtindo wa zamani, toleo jingine la mchezo ule, walilitambua tatizo lao, na mwaka 2021 wakaanza kutoza asilimia moja katika mauzo ya soko kuu la mchezo, na sehemu ya ushuru huo wakaitumia kununua bidhaa zilizozidi na kuziteketeza. Ni serikali hiyo, ingawa haina bendera: inatoza, inanunua, inaondoa. Ultima Online, iliyofunguliwa mwaka 1997, ilijaribu njia nyingine mwanzoni, ya kuweka akiba ya mali ghafi isiyozidi wala kupungua, ambayo ingezunguka kutoka mlimani hadi kwa mhunzi na kurudi. Watu wakaziweka mali masandukuni, mzunguko ukakwama, na njia hiyo ikaachwa.

Limebaki jambo la kazi ya mikono, ambalo wanaoandika habari za sihiri hulipita haraka mno. Katika kanuni zile zile za mwaka 2014 mchawi wa vitabu anayo sihiri ya kuunda, ambayo kwa dakika 10 hugeuza mali ghafi kuwa kitu kilichokamilika: miti kuwa daraja, katani kuwa kamba, sufu kuwa nguo. Deraya kamili ya chuma ina bei ya sarafu 1,500 za dhahabu, na mhunzi anayefanya kazi peke yake, kwa mwendo ulioandikwa katika kanuni, huimaliza kwa siku 300. Mchawi angeimaliza kabla chai haijapoa. Hata hivyo kanuni imeweka sharti moja lenye hekima, kwamba kitu kinachotaka ufundi wa hali ya juu hakiundiki ila na mchawi ambaye mwenyewe ni mjuzi wa vifaa vya ufundi huo. Na ujuzi wa vifaa, kwa kanuni hizo hizo, hupatikana kwa kumpata mwalimu, kukaa naye siku 250, na kutoa sarafu moja ya dhahabu kila siku.

Hapo utaona uhaba umehama tena, kutoka kwenye kazi ya mhunzi ukakaa katika kukubali kwake kufundisha. Kwa sarafu 250 anaombwa kuuza kitu ambacho kitawakosesha kazi wahunzi wote wa mji, yeye mwenyewe miongoni mwao. Na dunia yoyote yenye sihiri hiyo lazima iwe na vyama vya wahunzi vyenye viapo vikali, vyenye kuchunguza kila mwanagenzi anayekuja akiwa na vidole visivyo na sugu, na vyenye mfuko wa kuwasaidia wanachama walioelemewa na madeni. Ule mfuko ndio ulinzi wao hasa kuliko viapo. Mchawi hatakwenda kwa fundi mkuu mwenye duka sokoni na watoto waliokwisha kuoa. Atakwenda kijiji cha mbali, kwa mhunzi ambaye mavuno ya jirani yameangusha biashara yake ya majembe, aliye na mgonjwa ndani na mdai mlangoni, na atampa 500 badala ya 250.

Na baada ya siku 250, bei ya deraya itaanza kushuka kuielekea bei ya chuma kilichomo ndani yake, na wenye machimbo ya chuma ndio watakaoanza kujenga majumba ya ghorofa.